Uliza kwa Kiingereza

Tangu kipindi changu cha fizikia cha Jumanne kuna neno limenikwama kama mwiba wa changu.

"Mwalimu, wimbi likisimama, si limekufa?"

"Uliza kwa Kiingereza."

Akakaa.

Basi, ni hayo tu. Hakuna aliyecheka, nami nikageukia ubao kuendelea kuchora. Yule binti wa dawati la nyuma aliyeuliza alifunga daftari taratibu, kwa adabu, na adabu ile ndiyo inayonichoma. Nikipika namsikia. Nikifua namsikia. Wakati mwingine nalitamka jibu langu kwa upole, nijidanganye kwamba ndivyo nilivyolisema. Sivyo nilivyolisema.

Sheria ya lugha darasani naijua, msinikumbushe. Ila safari hii nilijificha nyuma yake. Jibu sikuwa nalo, si kwa Kiingereza wala kwa Kizigua cha bibi. Miaka 9 nafundisha mawimbi yaliyosimama: hapa nodi (panapotulia), pale antinodi (panapotikisika zaidi), nodi hadi nodi ni nusu ya urefu wa wimbi, haya, nakili. Sikuwahi kujiuliza kama limekufa.

Jumamosi sendofu ya mdogo wangu ikapita salama, lakini nilichorudi nacho nyumbani ni mluzi wa maiki. Mshereheshaji alisogea karibu na spika, ikalia kiii, watu wakaziba masikio. Nikainama kuokota kiatu, mluzi ukafifia. Nikainuka, ukarudi. Tofauti ni upana wa kiganja tu! Nikawa nainama na kuinuka kama kuku anayekunywa maji, hadi mama akauliza, "We Mama Zai, una nini?"

Sauti inatoka kwenye spika, inagonga ukuta, inarudi na kukutana na nyingine inayokuja. Mahali pengine zinasukuma hewa pamoja, kelele. Mahali pengine moja inasukuma na mwenzake anavuta, zinafutana. Kumbe hakuna kilichosimama. Mawimbi mawili yanapishana kwa mwendo wa kama meta 340 kwa sekunde. Kinachotulia ni zile sehemu za kelele na za kimya. Halijafa hata kidogo. Jina ndilo linalodanganya, na mtoto aliligundua kabla yangu.

Nimecheka peke yangu jikoni, nikaenda kutafuta kamba ya katani. Kesho naifunga kwenye nondo ya dirisha la darasa, ncha nampa yeye. Akitikisa polepole litatokea tumbo moja. Akizidisha kasi mara mbili yatatokea mawili, na pale katikati kamba itatulia. Aulize kwa lugha aitakayo. Kama bado ana hamu ya kuuliza.

Zai anakohoa tena, usiku wa tatu huu, na safari hii kifua kinatoa mlio. Dawa imebaki vijiko viwili.