Njia moja au njia kadhaa za volti 12: kiswichi cha nyuma ya pawa saplai

Wahariri wa video hapa Kigoma wameanza kuagiza kompyuta zenye pawa saplai za wati 1,000 na zaidi, na baadhi ya pawa saplai hizo zina kiswichi cha kuchagua kati ya njia moja ya volti 12 (njia ya umeme unaolisha prosesa na kadi ya grafiki) na njia kadhaa. Wengi wanaoniuliza wachague ipi hudhani kwamba njia kadhaa huikinga mashine dhidi ya umeme wa ukutani unaopanda na kushuka. Hilo halihusiani kabisa. Kwa tatizo la umeme wa ukutani, tafuta stabilaiza au UPS.

Katika pawa saplai nyingi za aina hii, chanzo cha volti 12 ni kimoja tu hata pale kiswichi kinaposomeka kuwa njia ni nne. Kinachogawanywa ni ulinzi: kila kundi la nyaya lina kipimo chake cha mkondo, na kundi lolote likivuka kikomo chake, pawa saplai nzima hujizima. Kwenye njia moja, kikomo ni kimoja kwa nyaya zote kwa pamoja, nacho lazima kiwe juu.

Tofauti huonekana pale panapotokea shoti isiyo kamili. Shoti kamili hukamatwa haraka na pawa saplai yoyote nzuri, lakini waya uliochubuka ukagusa chuma na kuacha ukinzani wa omu 0.2 utapitisha ampea 60, yaani joto la wati 720 katika sehemu moja. Pawa saplai ya wati 1,000 hutoa takriban ampea 83, hivyo ikiwa kwenye njia moja inaweza kuuona mzigo huo kuwa wa kawaida na kuendelea kuulisha hadi plastiki iyeyuke. Ikiwa kwenye njia kadhaa, na kikomo cha kila njia ni ampea 40, itazima mapema.

Watu wengi huzilaumu njia kadhaa kuwa hulemewa na kuizima mashine, na sifa hiyo mbaya inatokana na historia. Mwongozo wa ATX12V (kanuni za Intel za kutengeneza pawa saplai za kompyuta) toleo la 2.0, wa mwaka 2003, ulizigawa njia za volti 12 ili kila moja isizidi voltiampea 240, yaani ampea 20. Kadi za grafiki zilipokua, kikomo hicho kikawa kidogo mno: njia moja ililemewa huku nyingine ikibaki na nguvu isiyotumika. Sharti hilo liliondolewa baadaye, na vikomo vya leo ni vipana zaidi, ila lawama (ambazo wakati ule zilikuwa za haki) bado zinarudiwa na watu ambao hawajawahi kushika pawa saplai ya enzi hizo.

Kwa wati 500 au 600 nisingepoteza muda kwenye suala hili. Kuanzia wati 1,000, ninaacha kiswichi kwenye njia kadhaa. Mashine ikijizima kazi inapokuwa nzito, kwanza ninaangalia kama kadi ya grafiki inalishwa na kebo moja yenye vichwa viwili, kwa sababu kadi za sasa huvuta nguvu kubwa ghafla kwa muda mfupi mno, na njia moja inayobeba mzigo wote inaweza kuvuka kikomo chake. Ninaweka kebo mbili kutoka kwenye soketi za njia tofauti, kwa kufuata mchoro wa kitabu cha pawa saplai yenyewe, maana mpangilio hutofautiana kati ya modeli na modeli. Ikiendelea kujizima baada ya hapo, na nyaya zote ni nzima, ndipo ninapohamia njia moja.