Upana wa Boriti: Safari Yangu ya Bagamoyo

Basi la kutoka kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, lilipita Bunju, Mapinga na Kerege likipakia na kushusha. Niliposhuka Bagamoyo sikutaka hata chai. Nikapanda bodaboda moja kwa moja hadi Kaole, kusini kidogo mwa mji.

Msikiti wa pale, ambao sasa ni gofu, huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Mimi nilivutwa zaidi na vitu ulivyojengewa, maana vyote ni vya pwani hii hii: mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa ardhini, na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma mawe ya aina hiyo juu ya lundo la magogo. Katika misikiti ya kale ya pwani, kwa nakshi za mihrabu, yaani kishubaka cha ukutani kinachoonyesha kibla, mafundi walitoa tumbawe bichi baharini, likachongwa likiwa laini, kisha likakauka na kuwa gumu. Kwangu hiyo ni sanaa kamili.

Mchana nikarudi Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Mzee mmoja alikuwa akikarabati ukuta karibu na baraza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani uone."

Chumba kilikuwa kirefu lakini chembamba. Nikauliza kwa nini.

"Tazama juu. Boriti hizo ni mikoko. Ukizidisha mita tatu hivi, zinapinda. Basi mwenye nyumba anafuata boriti."

Kisha akagonga sehemu iliyopigwa lipu ya saruji miaka ya karibuni. Ikatoa sauti ya uwazi, vipande vikadondoka. Unyevu wa ardhini hupanda ukutani pamoja na chumvi. Chokaa huuachia utoke, saruji huufungia ndani, na jiwe nyuma yake huliwa taratibu. Iliniuma kuona nyumba iliyodumu vizazi ikiharibiwa na dawa yake.

Sisemi sote turudi kwenye boriti. Mikoko ndiyo inayozuia bahari isile ufuo, na kuikata kunahitaji kibali, kama inavyopasa. Lakini kuta nene, madirisha yanayopokea upepo wa bahari na baraza yenye kivuli havihitaji mti hata mmoja wa mkoko, na bado tunajenga vyumba vya bati visivyokalika bila feni.

Mzee alinionyesha pipa la chokaa iliyolowekwa.

"Hii haitaki haraka," akasema. "Anayetaka nyumba yake iishe wiki hii, mimi simfai."