Jina la tatu

Tulikuwa watano, tumekaa sakafuni tumeuzunguka mshumaa na bilauri ya maji. Ilikuwa tarehe 20 Novemba, siku ambayo tangu 1999 hutajwa majina ya watu waliouawa kwa sababu jinsia waliyoiishi si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Mwenyeji wetu, mama wa makamo ambaye utotoni aliitwa mwana wa kiume, alikuwa ametuagiza kila mmoja aje na majina matatu ya marehemu wa kwetu. Aliposema "wa kwetu" alimaanisha kuchu, jina tunalojiita sisi ambao mapenzi yetu au jinsia yetu haifuati kawaida.

Nilikwenda kwa shingo upande. Nimelelewa nikiambiwa kwamba anayezungumza na wafu anawafungulia mlango mashetani. Hata ile bilauri ilinitia wasiwasi. Sikuthubutu kuuliza ni ya nani.

Majina mawili ya kwanza hayakunisumbua. Nilianza na Simon Nkoli wa Afrika Kusini, aliyekamatwa 1984 katika harakati za kupinga ubaguzi wa rangi, akawaambia washtakiwa wenzake gerezani kwamba yeye ni shoga, wakati tayari walikuwa wanakabiliwa na kesi ya uhaini. Nikafuata na David Kato wa Uganda, aliyeuawa Januari 2011. Kwake nilikawia. Siku ya mazishi mhubiri alishika kipaza sauti akaanza kuwashutumu mashoga waliokuja kumlilia mwenzao. Wanakijiji wakagoma kuzika. Rafiki zake wakalibeba jeneza wenyewe hadi kaburini.

"Tupo," wakaitikia wenzangu. Ndivyo tulivyoitikia kila jina.

La tatu likanikwama kooni. Lilikuwa la shangazi yangu. Alivaa mashati ya babu mpaka yakamchakaa mwilini, na wachumba wawili aliwarudisha bila maelezo. Tangazo la msiba wake lilisema hakuacha mtoto, likaishia hapo. Watoto wengi wamezaliwa katika ukoo wetu baada yake, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina lake.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, aliandika kwamba marehemu hubaki katika sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Akishakosekana huyo, marehemu huzama katika zamani. Hayo niliyakariri shuleni kwa ajili ya mtihani, nikapata alama zangu, nikayasahau. Usiku ule ndipo yaliponichoma. Tambiko lote nililowahi kusikia linamtegemea mjukuu. Sasa asiye na mjukuu atatajwa na nani?

Nikajitetea. "Huyu sina ushahidi naye. Hakuwahi kusema chochote. Pengine namsingizia."

Mama akanitazama juu ya mshumaa. "Mwanangu, unamwita au unamshtaki?"

Wakaangua kicheko, nami nikacheka, kisha kicheko kikanigeukia. Nilipopata sauti sikulitaja jina la kwenye tangazo la msiba. Nilitaja lile fupi ambalo baba alikuwa akimwitia alipokuwa na furaha naye, na nilikuwa sijalisikia likitamkwa tangu baba naye afariki.

"Tupo," wakaitikia.

Mwenyeji akanisogezea bilauri. Kumbe ilikuwa ya kunywa. Nikanywa nusu, nyingine nikairudisha pale kando ya mshumaa.