Nilivyolichora joka kwa mikunjo ya karatasi na namba

Nilianza na karatasi, si kompyuta. Nilikata utepe wa karatasi ya risiti wenye urefu wa sentimita 64, nikaukunja katikati mara 5, kila mara nikileta upande wa kulia juu ya wa kushoto. Kisha nikaukunjua, nikafanya kila mkunjo uwe pembe mraba, nikausimamisha mezani kwa ukingo wake. Vipande 32 vya sentimita mbilimbili, kona 31, na umbo limejipinda kama mnyama aliyelala. Niliutazama jioni nzima.

Umbo hilo ni hatua ya 5 ya joka la Heighway, fraktali (umbo ambalo sehemu zake ndogo hufanana na umbo zima) yenye jina la John Heighway, mwanafizikia wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyeichunguza mwaka 1966 pamoja na Bruce Banks na William Harter.

Nikaanzia ncha ya kushoto, nikaufuata utepe kwa kidole huku nikiandika: kulia, kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kushoto… Kanuni iliyofichika humo ndiyo iliyoniteka. Chukua namba ya kona, igawe kwa 2 tena na tena mpaka ipatikane witiri, halafu witiri hiyo uigawe kwa 4. Baki ikiwa 1, pinda kulia. Ikiwa 3, kushoto. Kona ya 6: nusu yake 3, basi kushoto. Kona ya 20: 10, halafu 5, baki 1, kulia. Nilizihakiki kona zote 31 kwa mkono kabla ya kugusa kibodi.

Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilitumia kobe wa kuchora: kialama kinachotembea kwenye skrini kwa amri na kuacha mstari nyuma yake. Mara ya kwanza alizunguka mraba mmoja tu, juu ya mistari ileile, bila kukoma. Ilinichukua saa mbili kuona sababu: nilikuwa naigawa kwa 2 namba yenyewe inayohesabu kona. Ikifika 2 inakuwa 1, kobe anapinda kulia, inaongezwa 1, inarudi 2. Nilipoinakili kwanza kwenye jina jingine na kuigawa ile nakala, joka likatoka.

Mikunjo 12 inatoa vipande 4,096. Mstari haujikati hata mara moja, ila kona zake hugusana, na zikigusana picha inageuka kuwa visanduku. Jicho linapoteza njia. Hapo ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kote. Badala ya kwenda pikseli 10 na kupinda nyuzi 90, nilimwambia kobe aende 4, apinde 45, aende 4.24, apinde 45 tena. Kona zikalainika, nafasi nyembamba ikabaki kati yake, na uzi mmoja ukaonekana wazi toka kichwani hadi mkiani. Nauona uzuri wote wa joka uko kwenye nafasi ile.

Juzi nilichora majoka manne kutoka nukta moja, kila moja limegeuzwa nyuzi 90 kutoka kwa mwenzake: jekundu, buluu, manjano, kijani. Hayapandani popote. Rasi ya moja inaingia kwenye ghuba ya jirani yake, na rangi zinakutana ukingoni bila kuachana wala kumezana. Sasa nalitafuta duka la kuchapisha lenye karatasi ya A2, maana kwenye A4 mstari unakuwa mwembamba mno.