Kisu cha sangara: pa kunoa na pa kuua makali

Kisu cha kupasulia samaki hakitakiwi kukata kote. Ukipita Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, utakuta visu vimenolewa kuanzia mpinini mpaka nchani, na hapo ndipo utelezi wa sangara unapowamaliza watu vidole. Kisu cha minofu kiwe na kisigino butu (makali ya karibu na mpini), tumbo kali (makali ya katikati) na ncha iliyoviringwa. Tumbo ndilo lenye kazi, kwa hiyo tuanze nalo.

Kwanza, unanolea wapi? Mwanza mawe hayaishi, na mtu akikosa kinoo anasugua kisu kwenye mwamba ulio karibu. Miamba yetu ni granaiti: chembe zake ni kubwa, hazilingani ugumu, na zinamega makali vipande vidogo vidogo. Jiwe la Bismarck, lile mwamba maarufu wa ziwani, waachieni wapiga picha. Grinda ni balaa zaidi. Makali ni membamba, yanapata moto ndani ya sekunde chache, na ukiona yamegeuka buluu basi ugumu wa chuma umeshaondoka. Utakinoa asubuhi, kabla ya mchana kimelala.

Tafuta jiwe la pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Likikosekana, bandika msasa wa maji namba 400 na namba 1000 juu ya kipande cha kioo. Ila kwenye msasa uvute kisu kwa kurudi nyuma tu, mgongo ukitangulia, la sivyo utauchana. Jiwe lililobonyea katikati lisawazishe kwanza kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka, kwa mchanga na maji, maana bonde hilo linakuharibia pembe.

Pembe ya kisu cha minofu ni kama nyuzi 15 kila upande. Huhitaji kipimo maalumu. Kisu chenye ubapa wa sentimita 2 kutoka makali hadi mgongo, mgongo uinuke milimita 5 juu ya jiwe. Cha sentimita 3, karibu milimita 8. Paka maka peni kwenye makali, pitisha kisu mara mbili, kisha tazama. Wino ukitoka pale juu tu, upande wa mgongo, umelaza mno. Ukitoka kwenye ukingo peke yake, umesimamisha mno.

Noa upande mmoja mpaka upande wa pili uote kijikunjo cha chuma. Kitafute kwa dole gumba, ukilitoa mgongoni kwenda nje ya makali. Usilipitishe kamwe kufuata urefu wa makali. Kijikunjo kikisikika mwanzo mpaka mwisho, geuza. Vikishaota pande zote mbili, hamia upande laini na upunguze nguvu: mara tano huku, tano kule, halafu mojamoja, kisu kikigusa jiwe kwa uzito wake tu. Wengi wanaacha hapa mapema. Kijikunjo kikibaki, kisu kitakata kama wembe kwa samaki wawili wa kwanza, kisha kinajikunja na kufunika makali, na lawama zote anabebeshwa muuza kisu. Kwa sangara mimi naishia namba 1000. Ukizidi kung'arisha, makali yanateleza juu ya ngozi badala ya kuing'ata.

Sasa kuua makali. Sentimita 2 za karibu na mpini, simamisha kisu wima juu ya msasa namba 400, makali yakitazama chini, uvute taratibu mara tatu au nne. Ncha ikigonga uti wa mgongo, mkono wenye utelezi unakimbilia mbele, na kidole cha shahada kinatua hapo hapo kwenye kisigino. Kikute chuma butu.

Nchani viringa milimita 5 za mwisho tu. Sababu ni bondo, kile kibofu cha hewa cha samaki. Limelala chini ya uti wa mgongo, na bei ya kilo ya bondo kavu haikaribiani hata kidogo na ya minofu. Tundu moja linashusha thamani yake. Anzia kwenye tundu la haja, ingiza ncha, elekeza makali nje, kisha sukuma kuelekea kichwani. Nyongo nayo inapona. Sato ni habari nyingine: mbavu zake nyembamba zinataka ncha kali, kwa hiyo awe na kisu chake.

Magamba parua kwa kifaa kingine. Kichwa cha sangara mkubwa ni kazi ya panga. Samaki mwenye mchanga aoshwe kwanza, na chini kuwe na ubao, siyo zege. Makali yakianza kulegea, yapitishe mara chache kwenye kitako cha kikombe cha kauri, ule mduara usiopakwa rangi, kwa pembe ileile. Ukimaliza kazi osha, kausha, paka mafuta ya kula kidogo, hasa kama kisu si cha chuma kisichoshika kutu.