Mjomba alivyougema mpira wa Mama

Jumapili binti yangu alinijia jikoni vidole vitatu vimegandana. Alikuwa amevunja jani la mpira wa sebuleni, akaona maziwa yanatoka, akayachezea mpaka yakamganda. Hakuja kuomba msamaha. Alikuja na hoja: "Baba, si unaitwa mpira? Basi tutengeneze mpira."

Nilimpaka mafuta ya kula vidoleni, nikamsugua, nikajifanya sijasikia. Swali hilo nililiuliza mimi kabla yake, mwaka 1993, na sijawahi kumwambia Mama kwamba aliyeuliza ni mimi.

Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Mpira wa Mama ulikaa kwenye kona kati ya kochi kubwa na dirisha la mashariki, ndani ya ndoo ya rangi iliyotobolewa chini kwa msumari wa moto. Ulikuwa shina moja tu, limenyooka kama mlingoti, na urefu ulishanipita. Masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya mgeni wa heshima. Usiuhamishe, maana ukiuhamisha unanuna na kudondosha majani. Usiumwagie maji kabla ya kuchomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kidole kikitoka na tope, achana nao, utauozesha mizizi. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kufuta majani, juu na chini, kwa kitambaa chenye maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Maziwa hayo mimi nilikuwa nayataka kwenye chai. (Siku hizi najua maji matupu yanatosha, jani linahitaji kutolewa vumbi tu. Nenda kamwambie Mama.)

Mjomba alikuja wiki ambayo upatu ulikuwa unachezwa kwetu. Alikuwa mgema mpira Kihuhwi, kule Muheza, na alikuja na gunia la machungwa begani kama kawaida ya watu wa Muheza. Mimi aliniletea kitu changu peke yangu: mpira mdogo wa rangi ya chai, umeviringwa nyuzi kwa nyuzi. Akanieleza kwamba kila alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwa sababu jua likipanda utomvu hautiririki vizuri, mgema hubandua kwanza uzi uliokauka kwenye chanjo ya nyuma. Nyuzi hizo ndizo alizonikusanyia. Niliudundisha mara moja ukagonga dari.

Wakina mama walikuwa wanne, na Mama wa tano. Mjomba aliwekwa kwenye kigoda karibu na mlango wa baraza, anamenya machungwa, hakuna aliyemsemesha. Mmoja akausifia mti. "Mama Saidi, mpira wako unang'aa! Unaupa nini?" Mama akaeleza habari za maziwa, tena kwa kirefu, kisha akaenda jikoni kutazama chai. Hapo ndipo yule mama akakumbuka kwamba kuna mtu kwenye kigoda.

"Na wewe kaka, huko kwenu unafanya kazi gani?"

"Mpira," Mjomba akasema.

"Ee! Unachezea timu gani?"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani. Mjomba naye alicheka, ila alicheka huku anaangalia chungwa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na magoti yake, mpira wangu mkononi, na katika akili yangu ya miaka kumi na moja nikaona nimpe nafasi ya kuwaonyesha. Nikamnong'oneza: "Mjomba, na huu wetu unaweza kutoa mpira?"

Aliinuka taratibu. Akafuta kisu kwenye suruali, kisu kile kile cha machungwa, akaenda kwenye kona. Alilipapasa shina kwa kidole gumba, kutoka juu kushuka, kama mtu anayempapasa ng'ombe sokoni. Akachukua kisahani cha chai mezani, akanipa nikishike chini. Wakina mama wakanyamaza. "Unaanzia juu, kushoto," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini, "unashuka kulia, kimshazari, ili maziwa yajue njia. Unachanja gome tu. Ukifika kwenye mti wenyewe, umeujeruhi."

Tatizo ni kwamba miti ya Kihuhwi huanza kuchanjwa shina likifika mzingo wa nusu mita hivi. Wetu ulikuwa unene wa mpini wa jembe. Nilisikia kisu kinafika kwenye mti. Ni mlio mdogo, mkavu. Mjomba naye aliusikia, kwa sababu mkono ulisita, lakini watu walikuwa wanamtazama na chanjo ilikuwa nusu, akaimaliza. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha zikajitokeza nukta nyeupe, moja, nyingine, zikaungana zikawa mstari, mstari ukashuka. Ulikuwa mweupe kupita kiasi. Nilikuwa nautazama uso wa Mjomba badala ya kisahani, na maziwa yakapita pembeni, yakadondokea kitambaa cha kufuma cha kochi, kile cha tausi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Kaka," akasema. Basi. Mvuke wa chai unapanda, sinia halitetemeki.

Mjomba alikuwa anasugua utomvu kati ya kidole gumba na cha shahada, anauvuta, unakatika, anauvuta tena. "Huu si mpira, mdogo wangu," akasema kwa upole kabisa, kama daktari anayetoa majibu. "Huu ni ulimbo wa kunasia ndege."

Alikuwa akae wiki nzima. Kesho yake alfajiri alipanda basi la Tanga. Mpira wangu niliudundisha barazani siku hiyo hiyo ukavuka ukuta, ukaenda zake. Kitambaa cha tausi kilifuliwa kwa mafuta ya taa, kikatoka na doa la kahawia ambalo lipo mpaka leo. Kidonda cha mti Mama alikipaka majivu, na majani mawili ya chini yakaanguka. Mimi niliendelea kufuta yaliyobaki, Jumamosi kwa Jumamosi, mdomo nimeufunga.

Baada ya mwezi na kitu, chini kidogo ya kovu, pakachomoza kijiti chekundu kama pilipili kichaa. Ndiyo ala ambayo jani changa la mpira huja limejikunja ndani yake. Kikawa tawi. Ule mlingoti ukapata mkono.

Nilikuja kujua baadaye kwamba kilele cha mti huu huteremsha kitu ndani ya shina kinachoyazuia macho ya chini yasichipue, na kwamba watunza maua huukata makusudi juu ya jicho, kina cha theluthi ya shina, ili jicho liamke. Na kwamba Mjomba alipatia nusu. Mpira wa Kihuhwi asili yake misitu ya Amazon, wa Mama ni ndugu wa mkuyu kutoka pande za Assam na Java. Lakini huo nao uligemwa, tena kabla mashamba ya Malaya, Malaysia ya sasa, hayajalimeza soko. Na mpira wa kwanza wa Tanga, ule Wajerumani walioupanda kabla bei haijaporomoka mwaka 1913, ni jamaa wa muhogo, ndio tunaochuma kisamvu chake. Mjomba alikua anaula.

Upatu ulipozunguka tena, yule mama aliuliza mti umefanywaje hata ukatoa tawi. Mama akasema, "Niliuchanja." Nilikuwa na kitambaa mkononi, nafuta.

Mjomba hakuja tena Upanga. Walisalimiana kwenye msiba wa bibi, vizuri tu, kama watu wa ofisi mbili.

Huu wangu ni kikonyo cha tawi lile. Una miaka yake, umebakiza shubiri moja kufika dari, na ni shina moja tupu. Jumapili jioni nilichukua kisu, nikalitafuta jicho, nikalipata. Binti yangu akaja bila kuitwa, ameshika kisahani. Nikarudisha kisu kwenye droo. Bibi yake anakuja Jumamosi.

"Akija usimuulize," nikamwambia.

"Nisimuulize nini?"

"Habari za mpira."

"Mpira upi?"