Sahihi ya 2014

Bosi wangu aliondoka Uganda Alhamisi, tarehe 28 Juni 2018, kwa ndege ya usiku kutoka Entebbe. Kabla hajapanda gari alinitia mkononi bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kadi ya benki, kitabu cha hundi kilichobakiwa na karatasi kumi na moja, na kijikaratasi cha manjano chenye tarakimu nne zilizoandikwa kwa penseli. Namba ya siri. "Ukishaikariri ifute," akaniambia, kana kwamba ananiachia ufunguo wa stoo.

Mimi ni mtu wa Malindi. Nilikwenda Kampala kusoma, nikamaliza, nikapata kazi ya uhasibu kwenye shirika dogo huko huko, mtaa wa Kansanga, nikawa sirudi nyumbani ila Idi hadi Idi. Yeye alikuwa Mholanzi. Vijana wa bodaboda pale steji walimwita Mama Baiskeli, kwa vile alipanda vilima vya Kampala kwa baiskeli, kwa nguvu ya miguu yake mwenyewe huku wao wamekaa juu ya pikipiki wakimtazama kwa huruma. Kila asubuhi alisimama kwa muuza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, nje ya geti letu, na Kiganda chake chote, nadhani, kilikuwa cha kudai nyanya ziongezwe.

Mtu atauliza kwa nini hakuifunga akaunti kabla ya kuondoka. Alitaka. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuondoka nchini, pesa zake zikawa bado zinamtafuta. Gari lake alikuwa ameliuza kwa mtu aliyetoa nusu, na nusu ya pili akaahidi mwisho wa Julai. Mwenye nyumba alikuwa na amana yake, hataki kuirudisha mpaka akague kila kitasa. Na kulikuwa na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mwajiri huweka asilimia 10 na mfanyakazi 5. Mgeni anayehama moja kwa moja anaweza kudai zake, lakini fomu inataka namba ya akaunti yenye jina lake. Ukishaifunga akaunti, pesa hizo zitaingia wapi?

Mhasibu mwenzangu wa ofisi ya jirani alimshauri aiache tu, ilale. Ushauri huo nimeusikia mara nyingi na sijawahi kuupenda. Akaunti iliyolala hailali bure, inakatwa ada ya kila mwezi. Na kwa sheria ya Uganda, ikipita miaka miwili hujaweka wala hujatoa, inahamishiwa kwenye daftari la akaunti zilizolala, na kuiamsha ukiwa ng'ambo ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Basi mpango ukawa huu: mimi nitoe kidogo kidogo kwa kadi, nimlipe dada wa kazi kiinua mgongo chake, nilipe maji na umeme, kitakachobaki nikibadilishe dola, nimpe rafiki yake anayesafiri Agosti. Nilikubali haraka mno. Aliniamini, na kuaminiwa kuna ulevi wake.

Jumamosi nilitoa milioni mbili bila shida. Nikaenda duka la kubadilisha fedha nikanunua dola kwa bei ya 3,800 na ushei, nikazikagua moja moja. Kampala huchukui dola kwa pupa. Noti ya zamani, au iliyochanika pembeni kidogo tu, ukiirudisha kesho dirisha hilo hilo lililokupa litaikataa au litakupunguzia bei.

Jumatatu, tarehe 2 Julai, nikarudi jioni. Kodi mpya zilikuwa zimeanza Jumapili: asilimia moja kwenye pesa za simu, na shilingi 200 kwa siku ukitaka kufungua WhatsApp na Facebook. Mji mzima ulikuwa unanung'unika, na foleni ya ATM ilikuwa ndefu kuliko nilivyozoea. Mlinzi wa pale, mzee wa Arua aliyewahi kuwa mwanajeshi, alikuwa na redio ndogo dirishani. Kombe la Dunia, Brazil na Mexico. Nilipoingiza kadi na kubonyeza zile namba nne, redio ikalipuka: Neymar amefunga. Niligeuza shingo. Niliporudisha macho kwenye kioo, maandishi yalikuwa yananitaka niwasiliane na tawi langu. Kadi haikutoka.

Sikubonyeza vibaya. Mpaka leo nasema sikubonyeza vibaya.

Mzee alikuja akasimama kando yangu, bunduki begani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, lakini nilikifurahia kuliko Kiingereza chochote cha mle ndani.

"Mtoto yangu, imekula?"

"Imekula, mzee."

"Kadi iko ya nani?"

Nikanyamaza.

"Mimi naona wewe Jumamosi. Naona kadi. Jina iko ya mzungu, mkono iko yako." Akapunguza sauti ya redio. "Kesho ukiingia ndani, usidanganye. Huyo mama ya ndani anajua kuuliza."

Sikulala vizuri. Katika usiku wa namna hiyo ndipo unapojiona jinsi mtu mwingine angekuona: binti Mkenya, kadi ya Mzungu aliyekwisha kuondoka, namba ya siri kichwani, dola kwenye droo. Hadithi hiyo ungeisimulia vipi polisi ikaeleweka?

Asubuhi niliingia nikasema kweli yote. Dada wa dawati la wateja alinisikiliza huku akigongagonga kalamu. "Nnyabo," akasema, yaani bibie kwa Kiganda, "kadi haiazimwi." Aliifungia akaunti isitoe pesa, kuingia ziingie. Akanieleza njia iliyobaki: hati ya uwakili, yaani karatasi ya kisheria inayonipa mamlaka ya kusimama badala ya mwenye akaunti, isainiwe mbele ya mthibitishaji huko Uholanzi, iambatane na nakala ya pasipoti iliyothibitishwa, na barua ya kuomba akaunti ifungwe na salio litumwe kwake. Zote ziwe karatasi halisi. Picha ya simu haikubaliki.

Nilimuuliza kama tutahitaji pia kibali cha Benki Kuu kutoa fedha nje. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Uganda ililegeza mambo hayo mwaka 1997. Serikali haikuwa na neno na pesa za Mama Baiskeli. Kizuizi kilikuwa pale pale mezani.

Karatasi zilifika na tarishi baada ya wiki mbili. Nikazipeleka nikiwa nimevaa vizuri. Dada akaisogeza barua karibu na kompyuta, akatazama huku, akatazama kule, kisha akakigeuza kioo nione.

Kwenye kioo ilikuwa sahihi ya mwaka 2014: jina la ukoo zima, herufi moja baada ya nyingine, na mkia mrefu uliopita chini yake kama mtu anayepiga mstari daftarini. Kwenye barua zilikuwa herufi mbili na mkwaruzo. Miaka minne ya kutia sahihi vocha za mafuta na fomu za likizo ilikuwa imeila sahihi yake mpaka ikabaki mfupa. Na wa kulaumiwa, kama ni kutafuta wa kulaumiwa, nilikuwa mimi, maana vocha zote hizo nilimpelekea mimi, thelathini kwa mpigo, nikimhimiza afanye haraka.

"Huyu si mtu mmoja," dada akasema.

"Ni mmoja."

"Kwa benki si mmoja."

Nilirudi ofisini nikafukua faili lake. Mkataba wa kazi aliutia sahihi wiki ile ile aliyofungua akaunti, na mkia ulikuwepo, mrefu vile vile. Nikaupiga picha kwa karibu, nikalipa shilingi zangu 200 za siku (wenzangu walikuwa wanapita kwa VPN, programu ya kuikwepa kodi hiyo, mimi mwoga), nikamtumia kwa WhatsApp. Nikamwandikia: "Jifunze hii."

Usiku alinirudishia picha ya karatasi aliyoijaza sahihi kutoka juu mpaka chini, safu mbili. Za mwanzo zilitetemeka kama za mtoto wa darasa la pili. Kama kwenye ya kumi hivi mkia ukaanza kunyooka. Ananiuliza ipi inafanana zaidi. Nikakaa kitandani Kansanga, natahini sahihi ya mtu aliye Utrecht, kule Uholanzi, yake mwenyewe, nampa alama. Nilimwambia ya tatu kutoka chini, safu ya kulia, ila herufi ya kwanza aipanue tumbo. Sijui kama mtu akijighushi mwenyewe ni kosa la jinai. Sikumuuliza mwanasheria.

Seti ya pili ilichukua wiki mbili nyingine. Nusu ya gari iliingia kwa wakati, jambo lililonishangaza. Amana ilirudi pungufu, kwa sababu ya kitasa kimoja. Zile za NSSF zilingojewa kuliko zote, na zilipoingia tu nikakimbia Barabara ya Kampala na karatasi zangu kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha.

Safari hii dada aliitazama sahihi kwa muda mrefu. Akamwita mwenzake, naye akaitazama. Nilijikuta nimebana pumzi. Kisha akachukua muhuri.

Nilikabidhi kitabu cha hundi, akazihesabu zile karatasi kumi na moja na kuzipiga mstari. Akafungua droo, akaitoa kadi. Ilikuwa imekaa humo tangu siku ya Neymar. Akaikata kwa mkasi mara mbili, kwanza katikati ya jina, halafu kwenye ile chembe ya dhahabu, vipande akavitia kwenye bahasha na kuiandika tarehe. Dola zote na karibu shilingi zote zikaenda Uholanzi siku ile. Baada ya ada ya kutuma na ada ya kufunga, zikabaki shilingi 3,400, ndogo mno kutumwa popote. Keshia akanipa mkononi: noti ya elfu mbili, noti ya elfu moja, na sarafu mbili za 200, zile zenye samaki.

Nje mzee wa Arua alikuwa zamu. Redio ilikuwa inatangaza habari za kilimo.

"Imetapika?" akaniuliza.

"Imetapika, mzee."

Ng'ambo ya barabara, kwenye kichochoro, palikuwa na kijana wa rolex. Mayai mawili, chapati mbili, 3,000. Tuligawana tukiwa tumesimama chini ya baraza la benki, yeye nusu, mimi nusu, maji ya mvua yakituruka miguuni. Nikamwandikia bosi kwamba salio lake lote la mwisho nchini Uganda limeliwa na mimi na mlinzi, ila samaki wawili ambao nimemwekea.

Jibu lilikuja kabla sijafika steji. Alikuwa anauliza kama nyanya zilitosha.